Kubadilisha ekzosi ya gari: faida iko wapi?

Katika Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam na soko la Kisekka mjini Kampala, ekzosi za mtumba kutoka Japan huning'inizwa mbele ya maduka ya spea kama mikungu ya ndizi. Nyingi zina bomba nene na mdomo mpana unaong'aa. Wanaozinunua aghalabu ni vijana wenye Subaru Impreza, Forester au Toyota Mark X, na ahadi wanazopewa na wauzaji hazitofautiani sana: gari litaongezeka nguvu, litapunguza ulaji wa mafuta, na likipita mtaani watu watageuza shingo.

Ahadi ya tatu hutimia siku hiyo hiyo. Ya kwanza hutimia kwa kiasi, na kwa baadhi ya magari tu. Ya pili ni nadra kutimia.

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Mwenye gari aliyehamia Leicester, Dubai au Minneapolis hukutana na kishawishi kile kile, isipokuwa huko sheria ina meno makali zaidi na kampuni ya bima husoma mikataba yake neno kwa neno. Kabla ya kutoa fedha, ni vyema kufahamu ekzosi yenyewe hufanya kazi gani.

Safari ya moshi

Injini ya petroli huvuta mchanganyiko wa hewa na mafuta, huukandamiza, huuchoma, kisha hutoa moshi. Katika hatua hiyo ya nne pistoni hupanda na kuusukuma moshi nje kupitia vali, ukiwa na joto ambalo injini ikifanya kazi ngumu laweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Moshi hautoki kwa mfululizo kama maji ya mfereji. Hutoka kwa mapigo, pigo moja kwa kila silinda, na kila pigo husafiri bombani kama wimbi.

Mapigo hayo hukusanywa kwanza na manifoldi, yaani matawi ya chuma yaliyofungwa kwenye kichwa cha injini. Kutoka hapo moshi hupita katika kifaa cha kusafishia ambacho mafundi wa Tanzania wamekipa jina linalokifaa sana: masega. Ndani yake mna kauri yenye maelfu ya matundu madogo, mfano wa sega la nyuki, iliyopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Baada ya masega hufuata mabomba, pengine chumba kidogo cha kutuliza mvumo, halafu sailensa iliyo nyuma ya gari. Ekzosi nyingi za spoti zinazouzwa madukani hubadilisha sehemu hii ya mwisho tu, kuanzia nyuma ya masega hadi mkiani.

Mpangilio huu una maana kubwa kwa mnunuzi. Kadiri sehemu inayobadilishwa inavyokuwa karibu na injini, ndivyo nguvu inavyoweza kuongezeka, na ndivyo gharama na hatari nazo zinavyozidi. Anayebadilisha sailensa ya nyuma peke yake amenunua sauti.

Nguvu hutoka wapi

Injini hutumia sehemu ya nguvu yake kusukuma moshi wake yenyewe. Bomba likiwa jembamba, lenye kona zilizobanwa na sailensa iliyojaa vizuizi, kazi hiyo huwa nzito na nguvu inayofika magurudumuni hupungua. Ekzosi iliyopanuliwa hupunguza mzigo huo, na hilo halina ubishi.

Ubishi huanza pale baadhi ya mafundi wanaposema kwamba injini inahitaji kubanwa kidogo, na kwamba ikiachiwa kabisa hukosa pumzi. Maelezo hayo yana kosa, ingawa wanachokiona wenyewe barabarani ni cha kweli. Hakuna injini inayofaidika kwa kuzibwa. Inachokihitaji ni mwendo wa kasi wa moshi ndani ya bomba. Kila pigo linapoondoka kwa kasi huacha nyuma yake mvuto mdogo, na mvuto huo husaidia kutoa mabaki ya moshi katika silinda inayofuata na kukaribisha hewa mpya. Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi hupoa, hupunguza mwendo, na mvuto hufifia. Matokeo yake gari huwa zito kuondoka kwenye taa na kupanda mlima, kisha huchangamka injini inapozunguka kwa kasi kubwa ambayo dereva wa mjini haifikii mara nyingi. Ndiyo maana injini ndogo ya lita 1.5 iliyofungwa bomba la inchi 3 hunguruma kama simba na kupanda kilima cha Limuru kama kobe.

Kuna tofauti kubwa kati ya injini ya kawaida na ile yenye tabo, feni inayozungushwa na moshi ili kushindilia hewa zaidi ndani ya silinda. Kwenye tabo, kila kizuizi kilicho nyuma ya feni huipunguzia kasi. Hapo bomba pana huleta faida ya kweli, hasa kipande kile kinachotoka moja kwa moja kwenye tabo kuelekea masega, na faida hiyo huongezeka kompyuta ya gari inapopangwa upya na mtu anayejua anachokifanya. Kwa injini isiyo na tabo, ekzosi inayoanzia nyuma ya masega kwa kawaida huongeza asilimia chache tu.

Chukua mfano wa Toyota Fielder yenye injini ya cc 1,500, gari linaloonekana kila kona ya Nairobi. Kiwandani lilipewa takriban nguvu za farasi 110. Ongezeko la asilimia 3 ni kama nguvu 3, kiasi ambacho dereva akiwa na abiria mmoja zaidi hawezi kukihisi. Nairobi nayo iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho hicho. Kwa maneno mengine, Fielder ile ile hupata zaidi kwa kuteremka hadi Mtito Andei kuliko kwa kufungwa ekzosi yoyote iliyoko Kirinyaga.

Kuhusu mafuta, hesabu ya karatasini yaonyesha kwamba injini inayopumua vizuri zaidi ingeweza kuokoa kidogo. Lakini mtu hanunui mlio ili asiusikie. Mguu huzoea kukanyaga ili ngurumo itoke, na akiba hiyo ndogo huishia kwenye mzunguko wa kwanza wa barabara.

Mlio wenyewe

Si haki kuubeza mlio kana kwamba ni utoto mtupu. Kwa Wakenya wengi sauti ya Subaru ina historia. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo hivyo mwaka 2000; kabla yao Patrick Njiru, dereva wa nyumbani, alikuwa amekwisha kulizoesha jina la Subaru katika masikio ya vijiji vilivyo kando ya njia za mashindano. Mbio hizo ziliporejeshwa katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002, kizazi kilichokuwa kimesimuliwa tu kilizisikia injini hizo kwa masikio yake.

Mvumo ule wa kudunda, unaofanana na ngoma iliyolegea upande mmoja, hautoki kwenye sailensa. Injini ya Subaru ina silinda zilizolala ubavu, mbili kila upande, na katika miundo ya zamani matawi ya manifoldi hayakuwa na urefu sawa. Mapigo ya moshi yalifika kwenye makutano kwa kupishana kusiko sawa, na sikio likasikia mdundo. Kuanzia Legacy iliyotoka Japan mwaka 2003, magari kadhaa ya kampuni hiyo yalipewa matawi yenye urefu sawa, jambo lililoinufaisha tabo lakini likaunyamazisha mdundo. Wapo walionunua Legacy ya aina hiyo, wakafunga sailensa ya bei kubwa, kisha wakamlaumu fundi kwa sababu gari lilikuwa na kelele lakini halikuwa na sauti waliyoitamani. Fundi hakuwa na kosa, isipokuwa pengine la kutowaeleza mapema.

Mtego mwingine ni mvumo wa safari ndefu. Ekzosi inayopendeza kwa dakika 5 mbele ya duka huweza kuwa adhabu kati ya Chalinze na Segera. Injini ikitulia katika mizunguko kama 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, sauti nzito hujaa ndani ya gari kama nyuki ndani ya mtungi, na kioo cha nyuma hutetemeka. Abiria huumwa kichwa, mtoto hukataa kulala. Ekzosi za watengenezaji makini huwekewa chumba au tawi la bomba lililopimwa ili kuua mvumo huo. Zile zilizokatwa na kuungwa gerejini kwa makadirio ya macho hazina. Njia ya pekee ya kujua ni kupanda gari la mtu mwingine lililofungwa ekzosi ya aina hiyo hiyo, na kwenda nalo safari ya nusu saa kwenye barabara kuu.

Ile milipuko inayosikika usiku katika baadhi ya mitaa ya Nairobi, mfano wa risasi, ni jambo tofauti. Kompyuta ya gari hupangwa makusudi ili mafuta yaungulie ndani ya ekzosi dereva anapoachia mguu. Moto huo hupandisha joto la masega hadi kauri yake ikaweza kuyeyuka, na vali za injini huchakaa kabla ya wakati wake. Wakazi waliosikia milio ya bunduki halisi maishani mwao, nao ni wengi katika kanda hii, hawaoni mchezo hapo.

Masega: uamuzi ulio mzito kuliko yote

Mara nyingi, mteja anapofika kufunga ekzosi ya spoti, fundi humshauri atoe na masega pia. Sababu zinazotolewa ni kwamba yameziba, yanakula nguvu, au kwamba hali ya Afrika haiyahitaji.

Sababu ya kwanza huweza kuwa kweli. Injini inayochoma oili au inayokosa cheche katika silinda moja hupeleka uchafu na mafuta mabichi kwenye masega, matundu yakaziba au kuyeyuka, na gari likawa halina nguvu kabisa. Lakini ugonjwa hapo uko kwenye injini. Masega yakitolewa na plagi ya hitilafu ikaachwa ilivyo, gari litaendelea kuungua oili, ila sasa moshi wake utatoka bila kuchujwa.

Sababu ya tatu ilikuwa na uzito zamani. Risasi iliyochanganywa katika petroli huharibu masega, na kwa miaka mingi petroli ya Afrika ilikuwa na risasi. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 kazi hiyo ilikuwa imekamilika. Tangu hapo masega yanafanya kazi mjini Mwanza kama yanavyofanya kazi mjini Manchester.

Kazi hiyo si ndogo. Yakishapata joto la nyuzi kama 300, masega hubadilisha kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi, huchoma mabaki ya mafuta yasiyoungua, na huvunja oksidi za nitrojeni ambazo huwasha mapafu na kuchangia ukungu wa moshi juu ya miji. Gari moja lisilo na masega huweza kuchafua hewa kuliko magari mengi yenye masega mazima yakiwekwa pamoja. Wanaovuta hewa hiyo kwanza ni trafiki aliyesimama katika mzunguko wa barabara, mama anayechoma mahindi kando ya kituo cha basi, na mtoto anayetembea kwenda shule, ambaye pua yake iko karibu zaidi na kimo cha bomba.

Kuna jambo jingine ambalo wateja wengi hawaambiwi. Masega yana thamani. Rodiamu iliuzwa kwa zaidi ya dola 20,000 kwa aunsi mwaka 2021, na wizi wa masega ulizagaa Marekani na Uingereza, magari aina ya Toyota Prius yakilengwa zaidi. Wanunuzi wa masega ya zamani wako Afrika Mashariki pia. Fundi anayejitolea kuyatoa bila malipo, na kuyabeba mwenyewe kwa maelezo kwamba ni takataka, amelipwa tayari. Mwenye gari anayelazimika kuyabadilisha ana haki ya kuomba yale ya zamani arudishiwe mkononi.

Gari lenyewe nalo hutambua. Sensa mbili za oksijeni, moja mbele ya masega na nyingine nyuma yake, huilinganishia kompyuta hali ya moshi. Masega yakikosekana, taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Baadhi ya mafundi huisogeza sensa ya pili nje ya mkondo wa moshi kwa kipande cha bomba ili kuidanganya, na taa huzimika. Siku kasoro ya kweli itakapotokea upande huo, taa haitawaka, na dereva hatapata onyo.

Anayetaka nguvu zaidi katika gari lenye tabo anaweza kununua masega yenye matundu mapana, yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Yana gharama, na hayasafishi sawasawa na yale ya kiwandani, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko bomba tupu.

Sheria haziko sawa kila mahali

Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo mwaka 2009 chini ya sheria yake ya mazingira, na kanuni za ubora wa hewa mwaka 2014. Kwenye karatasi hakuna upungufu mkubwa. Upungufu uko barabarani, ambako kipimo cha desibeli ni nadra kuonekana mkononi mwa askari na mambo mengi huamuliwa kwa sikio lake, na pengine kwa mazungumzo ya pembeni. Wenye ekzosi za spoti wanafahamu kwamba gari lao husimamishwa mara nyingi kuliko la jirani, hata linapokuwa halina kosa. Hiyo nayo ni gharama, ingawa haina risiti.

Uingereza msimamo wa sheria ni wa wazi. Kanuni za mwaka 1986 kuhusu muundo na matumizi ya magari zinakataza ekzosi kubadilishwa kwa namna inayoongeza kelele baada ya gari kutoka kiwandani. Gari ambalo lilikuja na masega likikutwa halina, hushindwa ukaguzi wa kila mwaka. Mwaka 2022 serikali ilianza kufanyia majaribio kamera zinazonasa sauti, kuanzia mji wa Keighley. Mtaa wa Knightsbridge mjini London, ambako magari ya fahari kutoka nchi za Ghuba huletwa kila kiangazi, ulikuwa umekwisha kuona vifaa vya aina hiyo. Aidha, anayeficha mabadiliko ya gari kwa kampuni ya bima anajiweka pabaya, kwani akipata ajali fidia yaweza kupunguzwa au kukataliwa kabisa, hata kama ekzosi haikuhusika na ajali hiyo.

Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya hewa safi inakataza kuondoa au kulemaza kifaa cha kusafishia moshi. Kubadilisha sehemu iliyo nyuma ya masega kwa kawaida kunaruhusiwa, mradi kelele isivuke kiwango cha jimbo. California imeweka kikomo cha desibeli 95 kwa magari madogo, na New York mwaka 2021 ilipandisha faini ya ekzosi zenye kelele hadi dola 1,000. Kwa upande mwingine, sheria ya dhamana ya mwaka 1975 humlinda mnunuzi: kampuni ya magari haiwezi kufuta dhamana kwa sababu tu gari limefungwa kifaa cha mtengenezaji mwingine, mpaka ionyeshe kwamba kifaa hicho ndicho kilicholeta hasara.

Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kanuni za mwaka 2017 ziliweka faini ya dirham 2,000 na alama 12 kwa dereva wa gari lenye kelele. Alama 24 hutosha kumnyang'anya mtu leseni. Kwa mhamiaji ambaye kazi yake ni udereva, ngurumo mbili tu zaweza kumrudisha nyumbani.

Na Japan, zinakotoka ekzosi hizi? Huko magari yaliyotengenezwa tangu Aprili 2010 hayaruhusiwi kufungwa sailensa ya badala isiyo na uthibitisho wa kiwango cha kelele. Sehemu ya shehena inayofika Mombasa na Dar es Salaam ni ile ambayo wenyewe hawawezi tena kupita nayo kwenye ukaguzi.

Kelele na usingizi wa watu

Kipimo cha desibeli huwachanganya wengi kwa sababu hakipandi kama rula. Ongezeko la desibeli 10 sikio hulisikia kama sauti iliyozidi takriban maradufu. Muuzaji anayesema ekzosi yake imeongeza "desibeli 10 tu" amesema jambo kubwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani wakati wa usiku zisivuke wastani wa desibeli 45, likizihusisha kelele hizo na kukatika kwa usingizi na maradhi ya moyo. Hakuna sababu ya kuamini kwamba moyo wa mkazi wa Buruburu au Sinza una ukuta mnene zaidi. Nyumba za huku, zenye madirisha wazi kwa ajili ya joto, na mabati yanayorudisha mwangwi, hupokea kelele kuliko zile za Ulaya zenye vioo viwili. Mtu anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ana majirani 40 wanaosikia uamuzi wake kila siku, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Chuma, fundi na fedha

Aliyekwisha kupima hayo yote na bado anaitaka ekzosi, na wapo wenye sababu nzuri, anapaswa kutazama chuma kabla ya kutazama mdomo unaong'aa. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi hakidumu Pwani. Upepo wa chumvi wa Mombasa, Tanga na Unguja hukila kwa nje, na maji yanayotokana na moshi hukila kwa ndani, hasa katika gari linalofanya safari fupi zisizolipa bomba nafasi ya kukauka. Chuma kisichoshika kutu, stenlesi kwa lugha ya gereji, ndicho kinachofaa, na nacho kina madaraja. Daraja la 304, lenye nikeli, hustahimili kutu vizuri na kwa kawaida sumaku haling'ang'anii. Daraja la 409 ni la bei nafuu, hunasa sumaku, na hupata kutu ya juu baada ya muda. Kipande cha sumaku ya spika ya zamani mfukoni hutosha kumfanya muuzaji aseme ukweli.

Kona za bomba nazo zitazamwe. Bomba lililokunjwa kwa mashine nzuri hubaki na upana ule ule katika kona. Lililokunjwa kwa nguvu hubonyea, na hapo upana uliolipiwa hupotea.

Lakini kinachostahili uangalifu kuliko vyote ni maungio. Tundu dogo kwenye sehemu iliyochomelewa vibaya, chini ya sakafu ya gari, huingiza kaboni monoksidi ndani. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hujishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dereva husikia usingizi, kisha maumivu ya kichwa, kisha pengine hasikii kitu. Abiria wakianza kulalamika kichwa kila safari baada ya ekzosi kubadilishwa, madirisha yafunguliwe na gari lirudishwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Bomba lisipitishwe karibu na mrija wa mafuta au nyaya, na lisishuke chini kiasi cha kugonga kila tuta.

Fedha zenyewe zinataka mpangilio. Gari lililoagizwa likiwa na umri wa miaka saba, ambalo plagi zake hazijawahi kubadilishwa, chujio la hewa limejaa vumbi la barabara ya kokoto, na matairi yamekwisha, litapata nguvu na usalama zaidi kwa kurekebishwa hayo kwanza, na kwa gharama ndogo. Gari la mwendo linahitaji breki kabla ya mlio.

Wenye uzoefu hawaiachi ekzosi ya awali kwa fundi. Huifunga kwa gunia na kuiweka stoo, pamoja na masega yake na boliti zake, kwa sababu siku ya kuuza gari mnunuzi wa kawaida, mwenye familia, huinama chini, hutazama bomba, na jambo la kwanza analouliza ni ile ya kiwandani iko wapi.